Ramu za Nne

Nimefunga duka, vijana, na kabla hamjaniuliza sababu, si macho. Macho yapo. Mgongo unalalamika, lakini bado unanifikisha ninakokwenda. Nimefunga kwa sababu kompyuta mpakato ya mwisho kuletwa mezani kwangu niliifungua skrubu zote, nikaitazama, nikazifunga tena moja moja. Kumbukumbu yake ilikuwa imegandishwa kwenye ubao huko huko kiwandani. Haichomoki wala haiongezeki. Mwenyewe akaniuliza, sasa fundi tunafanyaje? Nikamwambia tunanunua nyingine. Kuanzia hapo akawa hana haja na mimi, na mimi nikawa sina haja na kiti changu.

Miaka yote kabla ya hapo nilikuwa Ngamiani, barabara ya nane, nikiuza na kuchomeka ramu. Ramu ni kumbukumbu ya kompyuta, ile ya muda, inayoshika kazi iliyo mkononi. Umeme ukikatika inasahau yote, wala haioni haya. Inayotunza mambo ni diski. Niliwahi kumweleza hivyo mama mmoja aliyekuja kununua, akasema basi ramu ni mume wake na diski ni mama mkwe. Tangu siku hiyo sijatumia maelezo mengine.

Nitawapa ninachokijua kuhusu vizazi vyake, kwa sababu bado mtaviokota kwenye droo za maofisi na hakutakuwa na mtu wa kumuuliza. Ramu ni kijiubao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, na katika safu ya meno kuna pengo. Hilo pengo ndilo jina la ukoo. Zile za kale kabisa zilikuwa na mapengo mawili, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikaja ile inayoandikwa DDR, ya kwanza, pengo moja. Ya pili, pengo limesogea kidogo mno, jicho la haraka linadanganyika. Ya tatu limehamia kando zaidi. Ya nne limehama tena, na ukingo wenye meno haujanyooka, umetuna kidogo katikati ili isiingie yote kwa mpigo mmoja na kukutoa jasho. Ya tano, pengo limejongea karibu na katikati, na imebeba mgongoni kidhibiti chake yenyewe cha umeme, kazi ambayo wazee wake walikuwa wanafanyiwa na ubao. Kila kizazi kinakula umeme kidogo kuliko baba yake na kinakimbia zaidi. Kwangu nyumbani ni kinyume.

Msihesabu meno. Mimi nilihesabu, kisha nikarudia, kwa kuwa ndiyo tabia yangu. Ya pili na ya tatu zina idadi moja ya meno. Ya nne na ya tano vilevile. Tazameni pengo.

Na pengo si urembo. Alinijia seremala mmoja wa Pangani na kompyuta ya ofisi yake, akasema ameiongezea ramu mwenyewe na sasa haiwaki. Nikaifungua. Alikuwa na ramu ya pili, nafasi ni ya tatu, basi akachukua tupa akachonga pengo jipya. Kazi nzuri, sina la kusema. Pengo la mraba, kingo safi, hata angechonga mlango wa msikiti usingenyooka hivyo. Nikamwonyesha palipoungua. Akasikitika, akasema, "Lakini iliingia vizuri, fundi." Nikamwambia hata mkono unaingia vizuri mdomoni mwa mamba, na yeye ni mtu wa mtoni, analijua hilo.

Mzee Sefu aliyenifundisha kazi hakuwahi kumiliki kompyuta. Alikuwa fundi wa taipureta katika ofisi za mashamba ya mkonge, na kompyuta zilipokuja alizitazama jinsi mke mkubwa anavyomtazama mke mdogo. Alichonifundisha ni mkono. Alisema kitu kilichotengenezwa kuingia mahali kitaingia. Ukiona unalazimisha, kati yako na hicho kitu kuna mmoja si wa hapo. Alinifundisha na kupatana bei, kwamba anayetaja namba kwanza ameshavua kofia. Hilo la pili lilinilisha kuliko la kwanza.

Sasa niwaambie kuhusu neno lililonisumbua kuliko kutu na vumbi. Neno lenyewe ni nne.

Lugha yetu ina huruma kwenye moja na mbili. Ramu ya kizazi cha pili tuliita "ya pili". Ramu yenye ukubwa wa giga mbili tuliita "ya mbili". Mteja akisema ya pili au ya mbili, umeshamwelewa. Ya tatu nayo haikuleta shida, kwa kuwa kipande cha giga tatu hakikuwepo madukani. Ndipo kikazaliwa kizazi cha nne, na vipande vya giga nne vilikuwa vimeshajaa. Ya nne ikawa ya nne, na ya nne pia ikawa ya nne. Hakuna herufi ya kukuokoa. Nilikuwa nawaambia wateja wote: ukija kwangu taja giga, au taja kizazi, au lete ile ya zamani nione pengo lake. Wengine walidhani nawachelewesha ili nipandishe bei. Si kweli, au si kweli siku zote.

Na sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa wetu hapo. Ngamiani mitaa ni ya namba. Mtoto anazaliwa barabara ya kumi, anaoa barabara ya kumi na tano, anazikwa akitokea barabara ya tisa. Kwa hiyo mtu wetu akisikia "ya nne", kichwani haoni vitu vinne. Anaona ile inayofuata ya tatu.

Mwinjuma alikuwa wa barabara ya nne hasa. Kazi yake ilikuwa kwenda Dar es Salaam kila wiki na kurudi na mizigo ya wenye maduka: vitenge, vioo vya simu, vipuri, chochote. Mwaminifu kupita kiasi, mdomo haukauki, na kwenye kupatana bei nilimwogopa. Tulikuwa tukifungua naye mwezi mtukufu barazani kwangu, na hata tende alizileta yeye ili aseme amezipata kwa bei gani.

Mteja aliyemtuma safari ninayowasimulia alikuwa Mwalimu Perpetua. Baba yake alikata mkonge maisha yake yote upande wa Muheza, akamsomesha kwa mikono iliyojaa miiba. Perpetua alikodi chumba kule Raskazone, nyuma ya nyumba moja ya zamani yenye kuta nene, akaweka kompyuta kumi na mbili alizopewa na ofisi iliyokuwa inazitupa. Alikuwa na wanafunzi kumi na wawili wazima, si watoto: mpishi, karani, dereva wa bajaji, na dada mmoja wa Ushongo aliyeitwa Salama. Salama alifua mashuka katika hoteli ndogo ya ufukweni. Mwenye hoteli alimwambia akileta cheti cha kompyuta atamtoa kwenye beseni na kumweka mapokezi. Kwa ajili hiyo alikuwa anaamka gizani, anavuka mto kwa pantoni, anapanda gari mpaka mjini, na bado anafika darasani kabla ya dereva wa bajaji anayekaa jirani.

Cheti kilitaka mtihani, na mtihani ulitaka chumba kisajiliwe. Mkaguzi angekuja Alhamisi asubuhi. Asiposajili, wote kumi na wawili wamesoma burudani. Sharti mojawapo lilikuwa kila mashine iwe na giga nne, kwa kuwa chini ya hapo programu ya mtihani ilikuwa inajikokota mpaka muda unaisha. Mashine zake zilikuwa za kizazi cha tatu, kila moja na kipande kimoja cha giga mbili na nafasi moja tupu pembeni. Mjini nilitafuta duka kwa duka nikapata za pili na zile fupi za kompyuta mpakato, basi. Nilikuwa Lushoto msibani siku Mwalimu alipomwita Mwinjuma na kumwambia, kwa ufasaha wote wa mwalimu, "Niletee ramu za nne, kumi na mbili."

Mwinjuma alirudi Jumatano jioni akaja moja kwa moja dukani kwangu, anacheka. Akaniambia yule muuzaji alitaka kumpa za tatu, ati ndizo nyingi, akazikataa. Alibishana mpaka jamaa akapanda ngazi kwenda stoo ya juu. Zote mpya, hazijafunguliwa. Na bei, akaniambia, nisimuulize bei mbele za watu.

Nikafungua pakiti moja. Ukingo umetuna katikati. Nikaitazama mara ya pili, kama vile ukikitazama kitu mara mbili kinaweza kubadilika.

"Mwinjuma," nikamwambia, "hizi ni za nne."

"Ndizo alizosema."

"Yeye alitaka za tatu za nne."

Alinitazama kama mtu anayetukanwa kwa lugha asiyoijua. Ilibidi nichukue kipande cha zamani nikiweke kando ya kipya, nimwonyeshe mapengo. Nikaona uso wake ukizimika polepole. Hakujitetea, na hapo ndipo niliposikitika, maana Mwinjuma nilimzoea akijitetea hata kwa mambo mazuri. Akaniuliza kama tupa ingesaidia. Nikamsimulia seremala wa Pangani.

Akampigia muuzaji. Muuzaji akasema mali ikishatoka dukani hairudi, na hata angekubali kubadilisha, basi la Dar lisingeenda na kurudi kabla ya asubuhi. Pesa ya Mwalimu ilikuwa imeishia kwenye vipande kumi na viwili bora kabisa visivyoingia popote.

Tukaenda Raskazone sote wawili. Mwalimu Perpetua alisikiliza mpaka mwisho bila kukaa. Hakumgombeza Mwinjuma. Alisema tu, "Kaka Mwinjuma, mimi ni mwalimu. Kama mwanafunzi hakuelewa, nilisema vibaya." Nadhani angemzaba kofi ingekuwa nafuu.

Mambo ya ufundi yaliyobaki yalikuwa mepesi na ya kuhuzunisha. Mbili na mbili ni nne. Nikachomoa ramu za mashine sita nikazichomeka katika nafasi tupu za sita nyingine. Vijana, mkichanganya vipande, hakikisheni ni vya kizazi kimoja, na mjue cha polepole ndicho kitakachoamua mwendo wa wote, kama msafara wenye bibi harusi. Tulipomaliza, mashine sita zilikuwa na giga nne na zinakwenda vizuri ajabu. Sita nyingine zilikuwa masanduku. Nikashauri tuyafunike kwa kitambaa. Mchuuzi haweki nyanya iliyooza juu. Perpetua akakataa, akasema mkaguzi akiona kitambaa atauliza chini kuna nini.

Mkaguzi alikuwa kijana msafi, ana adabu. Alinipa shikamoo, nikaitika, nikajua hatuwezi hata kumchukia. Akawasha zote sita, akaridhika nazo. Akatazama masanduku.

"Mwalimu, una wanafunzi kumi na wawili na mashine sita. Kanuni ni mtahiniwa mmoja, mashine moja. Nitasajili sita. Nipe majina sita kabla sijaondoka."

"Sita gani?"

"Hilo ni lako."

Wanafunzi walikuwa nje dirishani, wote wanasikia. Salama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Mimi nilianza kupiga hesabu nani anakaa mbali, nani ataachwa, kwa sababu kichwa changu ndivyo kilivyo, kikiona hasara kinaanza kuigawa. Mwalimu Perpetua hakugawa chochote.

"Kanuni inasema mtahiniwa mmoja, mashine moja?"

"Ndiyo."

"Inasema pia mashine moja, mtahiniwa mmoja?"

Kijana aliirudia kanuni kwenye karatasi yake. Nimebishana na watu wa kila aina, Waarabu wa nguo, mabaharia, wajane, na sijawahi kuona namba ikigeuzwa tumbo juu namna ile bila kuongezwa wala kupunguzwa.

"Hapana," akasema. "Lakini mtihani ni siku moja."

"Siku ina asubuhi na mchana."

"Wa asubuhi watawaambia wa mchana maswali."

"Wa asubuhi hawataonana na wa mchana. Wakitoka watapitia mlango wa nyuma, watakaa na mtu ufukweni mpaka wenzao wakae vitini."

"Na nani?"

Mwalimu akageuza macho kwa Mwinjuma, ambaye tangu asubuhi alikuwa mlangoni anajitahidi kuwa sehemu ya ukuta.

"Mimi?" akasema. "Siku hiyo nina safari, Mwalimu."

"Huna."

"Sina," akasema Mwinjuma.

Mkaguzi akaandika mashine sita, zamu mbili. Kilichoandikwa kikawa kimeandikwa, na toka hapo tuliishi nacho. Perpetua alifundisha asubuhi na mchana mpaka sauti ikawa ya mtu mwenye mafua ya kudumu. Mwinjuma alitembeza ramu zake za nne kwenye maofisi, zikatoka taratibu kama mgeni asiyejua kuaga, na kila iliyotoka alimpelekea Mwalimu pesa yake.

Siku ya mtihani Salama alipangwa zamu ya mchana kwa ajili ya pantoni. Nilikuwepo kwa ombi la Mwalimu, nimekaa nyuma na bisibisi yangu kama mkunga. Zamu ya asubuhi ilipita salama. Sita wakatolewa nyuma, mashine zikazimwa, zikaachwa zipumue kidogo, msimamizi akasema ziwashwe tena. Tano zikawaka. Ya Salama ikalia mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena mrefu, kioo cheusi.

Mlio huo maana yake ni moja: sioni kumbukumbu. Msimamizi, mama mmoja mkimya, akatazama saa ya ukutani, akasema saa ikifika ataanzisha, na atakayekuwa hana mashine ndiyo basi. Salama alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ameshaweka kalamu, penseli na kitambulisho mezani, vimenyooka kama mashuka.

Nikaizima, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa bati la sanduku kutoa umeme wa mwilini, nikafungua. Kwa nje ramu zilikuwa nzima. Lakini Raskazone iko baharini, vijana, na hewa ya chumvi inayapaka meno utando usioonekana. Asubuhi yote yamepata moto, yamepoa, yamecheza kidogo mle ndani, mguso umepotea. Dawa yake si kupuliza kwa mdomo. Mkipuliza mnatia mate, na mate ni chumvi nyingine. Dawa ni kifutio cha penseli. Nikanyoosha mkono bila kugeuka, Salama akanipa penseli yake. Nikayasugua meno ya kipande cha kwanza pande zote mbili, polepole, kuelekea nje, nikayafuta kwa kitambaa kikavu. Cha pili vivyo hivyo. Mikono ilikuwa inataka kuharakisha, nikaikatalia. Nikachomeka: pengo kwenye kizuizi chake, vidole gumba viwili, mpaka vibanio vya pembeni vikafunga vyenyewe kwa mlio wao mdogo.

Nikawasha. Mlio mmoja, mfupi.

Salama akavuta kiti, akakaa. Sikungoja kushukuriwa, nilikuwa nimechoka mno. Nikatokea mlango wa nyuma, nikashuka mpaka ufukweni. Mwinjuma alikuwa amewapanga wale sita kwenye ukuta mfupi, mihogo ya kukaanga imebaki kwenye karatasi, na yeye amesimama mbele yao kama nyapara.

"Wameingia?"

"Wote."

"Huyu wa Ushongo?"

"Naye."

Akakaa chini kwenye mchanga, na shati lake jeupe. Akawageukia wale sita, akawaambia basi, sasa ruksa, waseme wameulizwa nini. Dereva wa bajaji alikuwa amelala. Karani akauliza kama ile mihogo ina mwenyewe.

Mwaka huu, baada ya kufunga duka, niliona nipumzike siku mbili mahali pasipo na kompyuta. Nikapiga simu hoteli ya Ushongo. Ikaitikia sauti ya mwanamke, ikataja jina la hoteli, ikaniuliza inisaidie nini. Nikasema nataka chumba. Ikanitajia bei. Nikasema ni kubwa, mimi ni mzee, ni mtu wa hapa hapa, na silali sana. Ikasema inanielewa, ila bei ndiyo hiyo. Nikataja yangu. Ikakataa kwa upole. Nikapandisha kidogo. Ikakataa tena kwa upole ule ule, ikanisubiri mpaka nikaishiwa maneno, kisha ikasema:

"Shikamoo, fundi."